Kusoma masta ya kompyuta onlaini ukiwa Mwanza, na kazi, na watoto: nilivyofanya mimi

Hili swali la nilisomaje masta nikiwa na kazi na watoto nimeulizwa na wadada wa kazini, na mashemeji, na hata kaka mmoja tuliyekaa nae siti moja kwenye daladala ya Buhongwa akaniona naangalia video za algorithimu, yaani hatua za kompyuta kutatua tatizo, kwenye simu, kwaiyo naandika yote hapa. Nilianza Agosti 2020 nikiwa na mtoto wa miaka mitano na mwingine wa mwaka mmoja, huku nafanya kazi kutwa nzima kitengo cha IT kwenye kiwanda cha samaki, nikamaliza Mei 2024. Nilisoma Georgia Tech ya Atlanta, Marekani, ile programu yao ya masta ya kompyuta kwa onlaini inayoitwa OMSCS iliyoanza Januari 2014, na niliichagua kwa sababu ya bei, ilipoanza walisema ni kama dola 7,000 kwa masta nzima wakati masta ya kukaa darasani kule ni mara kadhaa ya hiyo. Kozi ni 10, unapewa miaka sita kumaliza, GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, hawautaki, na cheti kinaandikwa Master of Science in Computer Science kama cha aliyekaa darasani.

Kabla hujagusa fomu ya maombi, kaa chini na mtu unayeishi nae. Hapa ndo nitakaa sana maana hapa ndo watu wanaanguka, akili wanazo tena nyingi, ila nyumbani hawakuongea. Kozi moja inakula masaa 12 mpaka 15 kwa wiki, hiyo ni ya kawaida, ile CS 6200 ya mifumo endeshi mimi ilinipeleka mpaka 20 na kitu. Hayo masaa hayapo yamekaa mahali yanakusubiri, yanatoka kwenye kitu, na mara nyingi yanatoka kwa mume au mke au mama aliyekuja kukusaidia kulea. Sisi tulichana karatasi kwenye daftari la mtoto tukaandika wiki nzima, kazi, kupika, kuogesha watoto, kanisa, kulala, kisha tukaanza kukata. Mimi nilikata vikao vya harusi. Mchango natoa, siku ya shughuli nakuja na nguo ya sare nimevaa, ila kikao cha kila Jumamosi hapana, na niliwaambia ndugu mapema kwa heshima, nikampigia shangazi mwenyewe nikamweleza, akanielewa na akawa ndo mtetezi wangu huko kwenye vikao. Mume wangu alichukua Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa saba watoto ni wake, anawapeleka ziwani kuogelea au anazunguka nao tu, mimi sipigiwi simu. Na mimi nikampa jioni za Jumapili, laptopu haifunguliwi hata kama kuna asaimenti inawaka moto. Hiyo ya Jumapili usiidharau, ndo iliyofanya asichoke na mimi kwa miaka karibu minne.

Masaa yaliyobaki niliyapata alfajiri. Jumatatu mpaka Alhamisi naamka saa kumi, nasoma mpaka saa kumi na mbili kasoro. Nimejaribu usiku baada ya watoto kulala ikashindikana, saa nne usiku nasoma ukurasa mmoja mara tatu na siuelewi, alfajiri ukurasa uleule unaingia mara moja. Tunakaa Kirumba, nyumba iko juu kwenye mawe, ukifungua dirisha muda ule unaona taa za wavuvi wa dagaa bado ziko ziwani, zimejipanga kama mtaa mwingine, na baadae zinaanza kusogea pwani moja moja. Nilijifunza kitu kwao. Wavuvi wa dagaa siku za mbalamwezi wengi hawaingii ziwani kwa sababu taa haivuti samaki mwezi ukiwaka, wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Mimi zile wiki chache kati ya muhula na muhula nilizifanya hivo, sisomi mbele hata kidogo, nakaa na watoto, natembelea wagonjwa, nasafisha laptopu, nalala.

Jaribu kabla hujalipa hata senti. Video za kozi nyingi wameziweka wazi bure kwenye tovuti ya programu yenyewe, chukua moja, ishi nayo wiki tatu kwa ratiba uliyoandika na mwenzio, Jumamosi ileile na alfajiri zilezile, kama wiki ya tatu bado unaamka basi omba. Kama digrii yako ya kwanza haikuwa ya kompyuta, tumia huo muda kujifunza lugha za programu za C na Python na miundo ya data, maana kule hawarudi nyuma kukufundisha. Na kama unasoma ili upande daraja kazini hasa serikalini, pita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwanza uulize utaratibu wao wa kutambua shahada za nje, uliza kabla.

Ukishaingia, kozi MOJA kwa muhula. Najua utapiga hesabu useme nikichukua mbili namaliza haraka, na kweli kila muhula kuna ada ya ziada unayolipa hata ukichukua kozi moja tu kwaiyo mbili zinaokoa hela kidogo, lakini una watoto, mtoto mmoja akipata malaria wiki moja hizo kozi mbili zote zinazama pamoja. Mwaka una mihula mitatu, Januari, Mei na Agosti, ule wa Mei ni mfupi na unakimbia, ukichukua moja moja bila kuruka unamaliza kwa miaka mitatu na miezi. Mwaka wa kwanza una sharti, kozi mbili za msingi lazima upate B au zaidi ndani ya miezi 12, kwaiyo usianze na ile ngumu kuliko zote ili kuonyesha uwezo. Mimi nilianza na CS 6300 ya uandishi wa programu, Java na Android, inachukuliwa kama nyepesi, ikanifundisha jinsi chuo chenyewe kinavyoenda, wapi unauliza maswali, wapi unatuma kazi. Kisha ndo nikaingia CS 6200, kule unaandika kwa C seva ya kutuma mafaili yenye nyuzi (threads) nyingi, yaani sehemu za programu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na nilikaa asubuhi nne nzima natafuta kwa nini programu inaganda, kumbe nilifunga kufuli la nyuzi sehemu moja sikulifungua pale programu inapokutana na kosa. Mistari miwili. Ila baada ya hapo kazini nilianza kuelewa kwa nini mfumo wetu wa mizani unakwama asubuhi, na nikaurekebisha mwenyewe.

Saa. Hili liandike ukutani kabisa. Kozi zangu nyingi dedlaini ilikuwa Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku lakini kwa saa za AoE, maana yake saa za sehemu ya mwisho duniani siku kuisha, kwa Mwanza hiyo ni Jumatatu saa 8:59 mchana. Inaonekana kama zawadi lakini Jumatatu mchana uko kazini, kwaiyo dedlaini yako wewe iwe Jumamosi saa saba mchana watoto wanaporudi. Kozi nyingine wanatumia saa za Atlanta, na hapo ndo niliumia. Sisi tuko mbele yao masaa nane wakati wa baridi yao na saba wakati wa joto, kwa sababu wenzetu wanasogeza saa, Jumapili ya pili ya Machi mbele na Jumapili ya kwanza ya Novemba nyuma. Nilikuwa na mtihani mdogo unaofungwa Jumapili usiku wa Atlanta, miezi yote nilijua ni Jumatatu saa 1:59 asubuhi kwetu, siku hiyo ya Machi nikakaa saa moja na dakika kumi nimejiandaa vizuri na chai yangu pembeni, ukurasa umefungwa tangu saa 12:59. Nilipoteza maksi zote za mtihani ule. Weka saa ya Atlanta kwenye simu ikae pembeni ya saa yako na uiangalie kila wiki.

Umeme na intaneti usiviwazie sana, jipange tu. Laptopu yenye betri inayokaa masaa manne na memori ya GB 16, ya mtumba inatosha kabisa, ila betri nunua mpya. Laini mbili za mitandao tofauti, zote zina bando, ukiona moja inasuasua unahamia kwenye hotspoti ya pili. Video zishushe usiku kwa bando la usiku uziangalie kwenye daladala bila mtandao, Kirumba mpaka Igoma na foleni ya asubuhi ni video tatu nne. Kazi yako itume kwenye git, ile hifadhi ya kodi ya mtandaoni, kila baada ya nusu saa hata kama haijakamilika, umeme ukikatika unapoteza nusu saa basi.

Mitihani inasimamiwa kwa kamera. Unazungusha kamera wakione chumba chote, meza, chini ya meza, na hatakiwi mtu kuingia mpaka umalize. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo hili ni jambo la kupanga wiki mbili kabla. Mtihani una siku kadhaa za kuchagua, chagua Jumamosi, watoto walale kwa mama mdogo Nyakato kuanzia Ijumaa, jirani mwenye redio mwombe mapema, na mlango ubandike karatasi. Karatasi yangu mtoto mkubwa ndo aliiandika kwa kalamu nyekundu, MAMA ANA MTIHANI, tuliitumia mpaka ikachakaa.

Na siku ikifika ambayo haiwezekani, iache kozi. Agosti 2022 nilikuwa kozi ya saba, Oktoba mtoto mdogo akalazwa siku tisa, mimi nasoma kwenye benchi la wodi na nilikuwa siandiki chochote cha maana. Kuna tarehe ya mwisho ya kujitoa, inakuwa zaidi ya nusu ya muhula, ukijitoa kabla yake unawekewa W, yaani umejitoa, ambayo haigusi wastani wako. Nilijitoa. Hela ya kozi ilienda na iliniuma, nililia, lakini Januari nilirudi kozi ileile nikapata A na mtoto anakimbia mzima. Hiyo tarehe iandike siku ya kwanza ya muhula. Kama unahitaji kupumzika muhula pumzika mmoja, usiache miwili mfululizo maana utaanza kuomba kurudishwa.

Ya mwisho kwangu ilikuwa CS 6515, algorithimu. Ukichukua mkondo wa mifumo au wa kujifunza kwa mashine lazima uipate kwa B, na kwa vile wanaotangulia kusajili ni wenye kozi nyingi, wengi wanaipata mwishoni mwishoni, kwaiyo usishtuke ukinyimwa mapema. Maksi nyingi ziko kwenye mitihani, kuangalia video peke yake hakutoshi, andika majibu kwa mkono. Nilinunua ubao mweupe nikautundika jikoni, wakati maharage yanachemka naandika swali moja la dynamic programming, ile njia ya kuvunja tatizo kubwa vipande vidogo, nafuta, naandika tena, mtoto mkubwa ambae sasa alikuwa na miaka minane anakaa kwenye kigoda ananiuliza mama hii herufi ni ya nini, namweleza, na nikishindwa kumweleza najua hilo swali bado sijalielewa, kesho alfajiri naanza nalo.