Kadi ya Kamera Inapojaa Kabla ya Shughuli Kwisha

Jumamosi moja nilikuwa nikipiga picha za harusi huko Lang'ata, na bibi harusi alipokuwa akishuka garini, kamera ikaniandikia kwamba kadi imejaa. Nilichutama nyuma ya gari nikifuta picha mojamoja huku mamake bwana harusi akinisimamia kichwani: "Kijana, kwani hutuoni?" Tangu siku hiyo sitoki nyumbani kabla ya kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya JPEG (aina ya kawaida iliyobanwa) ya ubora wa juu yenye takriban megabaiti 10, ilhali picha ya RAW, yaani faili ghafi inayobaki na maelezo mengi zaidi ya picha, huwa kati ya megabaiti 25 na 30. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 inayobeba JPEG kama 3,000 haitafikisha hata 1,000 ukihifadhi aina zote mbili kwa pamoja. Mpangilio huo wa pamoja ndio unaomaliza kadi za wengi wetu, na mara nyingi tumeuacha hivyo bila kujua. Binafsi huuwasha ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu tu, kisha huuzima tukitoka nje. Video ni balaa zaidi, kwani ile ya 4K, yaani ya ubora wa juu sana, inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde (megabiti 8 ni megabaiti moja) hula megabaiti 750 kila dakika, na kadi hiyohiyo haimalizi dakika 45.

Ikibidi kununua nyingine, soma kwanza kijitabu cha kamera yako, maana kamera za zamani zilizotengenezewa kadi za aina ya SDHC hukomea gigabaiti 32, na kadi kubwa kuliko hapo ni za aina mpya zaidi, SDXC. Ukiuziwa kadi ya gigabaiti 256 kwa bei ya kutupa katika vibanda vya katikati ya jiji, ijaribu kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza kadi yote na kuisoma upya. Kadi bandia hujitaja kubwa, lakini picha zinazozidi uwezo wake halisi hupotea. Hata hivyo, usimgombeze muuzaji kwa sababu kompyuta ya Windows inaonyesha gigabaiti 59 kwenye kadi ya 64, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa 1,000 na kompyuta kwa 1,024.

Mimi hupendelea kadi mbili za 64 kuliko moja ya 128, kwani moja ikiharibika hujapoteza harusi nzima. Kadi husafishwa kwa kuifomati, yaani kuifuta yote na kuiandaa upya, ndani ya kamera yenyewe, baada ya picha kunakiliwa mahali pawili, kwa mfano kwenye kompyuta na diski ya nje. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, acha kupiga papo hapo, kwa sababu picha mpya huandikwa juu ya zile zilizofutwa.

Kadi iliyojaa huirudisha kwenye kibweta ikiwa imegeuzwa kifudifudi, na kile kiswichi kidogo cha ubavuni nimekisukuma upande wa kufunga, ili hata nikiipachika tena kwa haraka, kamera ikatae kuandika juu yake.