Korongo la Mto Fish kwa miguu: kutoka Hobas hadi Ai-Ais

Korongo hili liko kusini mwa Namibia. Lina urefu wa kama kilomita 160, na kina chake hufika mita 550. Njia ya waenda kwa miguu ni kama kilomita 85, siku nne au tano, hakuna duka wala mtandao wa simu. Hobas ni kambi ya kuanzia, na Ai-Ais ni chemchemi za maji moto unapomalizia. Kinachowaangusha wengi ni mzigo wa siku ya kwanza, kwa hiyo tutakaa hapo zaidi.

1. Kibali na msimu

Njia hufunguliwa 1 Mei hadi 15 Septemba. Kibali hutolewa na Namibia Wildlife Resorts: kikundi kisipungue watu 3, na kila mmoja awe na cheti cha daktari kisichozidi siku 40. Nje ya msimu joto hupita nyuzi 40, tena mvua ikinyesha mbali huko juu, mafuriko yanaweza kukukuta chini ya anga lisilo na wingu. Mei mto huwa bado na maji ya kutosha. Kufikia mwisho wa Agosti mara nyingi yamebaki madimbwi.

2. Mzigo

Pima kwa mizani, usikisie. Usizidi robo ya uzito wako: mtu wa kilo 70 abebe kilo 17 pamoja na maji. Chakula kikavu gramu 600 hadi 700 kwa siku kinatosha (karanga, dagaa, tambi, unga wa uji). Makopo yaache nyumbani. Beba jiko dogo la gesi na begi la kulalia lenye joto, maana usiku wa Juni na Julai ni baridi. Viatu viwe vimeshazoea mguu. Kiatu kipya humu ni adhabu.

3. Kuteremka

Anza alfajiri kutoka Hikers' Point, kama kilomita 10 kutoka Hobas. Unashuka karibu mita 500, na sehemu ya juu ina minyororo ya kushikia. Hapo geukia mwamba, mshuke mmoja mmoja, wa chini akae pembeni: jiwe likichomoka halisemi samahani. Kabla ya kuanza kaza kamba za viatu kwenye kifundo, ili mguu usiteleze mbele. Vidole vikigonga ncha ya kiatu saa nzima, kesho kucha zitakuwa nyeusi. Beba lita 3 za maji, kwa kuwa hakuna pa kujazia mpaka mtoni.

4. Hadi Sulphur Springs

Ni kama kilomita 15 za mawe makubwa na mchanga laini. Usipange kuzimaliza siku hiyo hiyo. Kilomita 5 hadi 8 zinatosha. Ukihisi ngozi inachoma, simama *sasa hivi*, kausha mguu, bandika plasta. Ukingoja lengelenge lijae, plasta haitashika tena. Maji ya chemchemi yana nyuzi kama 57, basi jaribu kwanza kwa kidole. Hapa pia ipo njia ya dharura ya kupanda na kutoka nje ya korongo. Kama goti la mtu limevimba, atokee hapa. Mbele hakuna njia rahisi.

5. Maji

Teka panapotiririka. Kama ni dimbwi, chuja kwanza kwa kipande cha kanga, kisha kwa chujio, la sivyo tope na mwani vitaziba chujio siku ya pili. Malizia kwa kidonge cha klorini na usubiri dakika 30, zaidi maji yakiwa baridi.

6. Kuvuka na kukata kona

Vuka mto unapotanuka, kwani hapo kina ni kifupi. Fungua mkanda wa kiunoni wa shanta, ili ukianguka ulivue haraka, na usivue viatu. Kuelekea chini mto unazunguka sana, na vijia vya mkato hupanda juu ya shingo za vilima. Jaza chupa kabla ya kupanda, hasa karibu na nguzo za mwamba za Four Finger Rock. Nyani wapo: chakula kisilale nje.

7. Ai-Ais

Panga usafiri wa kurudi Hobas kabla hujashuka. Jina hili kwa Kinama ni maji yanayounguza, nayo hutoka ardhini kwa nyuzi kama 60. Bandua plasta zote na uoshe vidonda kwa sabuni kabla ya kuingia bwawani.