Tubu rejareja, usitubu jumla

Chini ya meza yangu ya kukatia kulikuwa na kiroba. Kila fundi cherehani anakijua kiroba hicho, hata kama hatakubali mbele za watu. Mteja anakuletea kitenge mita sita. Gauni na sketi vinakula mita nne na nusu. Akija kuchukua unamwambia, "Kitambaa kimetosha kwa shida, mama, bahati yako," na mita moja na nusu imeshaingia kirobani. Mwisho wa mwezi unavitoa vipande, unashona vigauni vya watoto, unavipeleka mnadani. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja hapa Dodoma, na katika miaka hiyo yote sikukosa kanisani isipokuwa kwa uzazi au malaria.

Kila Jumapili tulisoma pamoja sala ya maungamo, ile ya kwamba tumeacha yatupasayo na kufanya yasiyotupasa. Naijua kwa moyo. Naweza kuisema yote huku macho yangu yanakagua pindo la gauni la aliyekaa mbele yangu. Nikitoka nje, amani hakuna. Nikadhani sijafunga vya kutosha, nikafunga. Nikadhani nimerogwa, nikaombewa hadi shingo ikauma kwa kusukumwa kichwa. Usiku nikilala najiona kama mtu anayedaiwa na hakumbuki anadaiwa na nani.

Aliyenishika ni bibi mmoja wa ushirika wa uamsho, kile kikundi cha wanaokutana kuungama na kuombeana, Mgogo, mfupi, wa kutembelea fimbo. Nilimwambia, "Bibi, mimi ni mwenye dhambi sana." Akaniuliza, "Ipi?" Nikasema, "Nyingi tu, Bibi." Akacheka. "Nyingi haina jina, mjukuu wangu. Wewe unatubu jumla, kama muuza magunia. Tubu rejareja."

Ninayoandika hapa ndiyo hayo: namna ya kutubu rejareja, jinsi nilivyofundishwa, na jinsi nilivyoharibu nilipokuwa najifunza.

Kabla ya daftari

Usianze na orodha ya makosa. Anza na swali la nani analipa. Warumi 5:1 inasema tumehesabiwa haki kwa imani, ndipo tukawa na amani kwa Mungu kwa njia ya Bwana wetu Yesu Kristo. Kwa njia yake yeye. Si kwa njia ya machozi yangu wala ya vitambaa nitakavyorudisha. Bibi alinifungulia Luka 19, habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, akaniambia nitazame mpangilio tu: je, Zakayo alirudisha fedha kwanza ndipo Yesu akaingia nyumbani mwake? Nikasoma mara mbili. Yesu alimwita jina, akashinda kwake, na ndipo yule mtu akasimama kuahidi kurudisha mara nne. Mgeni alishaingia, hesabu ikafuata.

Ukiligeuza hili utaumia. Nimewaona watu wanaorudisha vitu kama wanaolipa rehani, wamekonda, na kila deni wakilimaliza wanaona jingine. Kwa hiyo siku ya kwanza usiandike kitu. Piga magoti, mwambie Mungu kwa Kiswahili cha kawaida kwamba umekuja na mikono mitupu na unaitegemea damu ya Mwanawe. Kama hujawahi kusema hivyo maishani, hata kama ulibatizwa ukiwa mchanga na kipaimara ulipata kwa gauni jeupe, sema leo. Kisha lala.

Daftari

Nunua daftari dogo, lile la kurasa 48 linatosha, usijikweze. Amka kabla ya watoto. Mimi nilitumia saa kumi na moja alfajiri, wakati Dodoma hata upepo bado haujaamka. Mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Sisi tumezoea kuomba kwa kelele.

Linalokuja liandike kwa jina lake la sokoni. Usiandike "sikuwa mwaminifu katika kazi". Andika "nilimwibia mwalimu mita moja na nusu ya kitenge cha bluu". Usiandike "nilipungukiwa na upendo". Andika "nilimwambia wifi yangu mbele ya mume wake kwamba hazai kwa sababu ya ujana wake". Nilipoandika hilo la wifi kalamu ilisimama, nikatoka nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Hapa watu wengi hupotea, hasa wenye dhamiri nyepesi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna hukumu inayokuja haina jina wala tarehe: hufai, umeoza, Mungu amekuchoka. Hiyo usiiandike. Roho Mtakatifu hutaja, mshitaki, yaani Shetani, hutukana. Roho akitaja utajua ulimkosea nani, ni lini, na nini cha kufanya. Nikikaa nusu saa na hakuna jipya, nafunga daftari nachemsha chai. Sichimbi. Mtu anayechimba dhambi kila siku atazipata hata asizozifanya.

Ukimaliza, soma kila mstari mbele za Mungu kwa sauti unayoisikia mwenyewe. Halafu soma 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki. Nilishangaa lile neno "haki". Nilitegemea huruma tu. Bibi alinieleza kwamba deni likishalipwa msalabani, si haki kulidai mara ya pili, na Mungu si mdai wa namna hiyo. Kila mstari niliukata kwa kalamu, na mistari isiyomhusu mtu mwingine iliishia hapo. Ile yenye watu ndani nikaihamishia ukurasa mwingine, na ule wa kwanza nikautia kwenye jiko la mkaa.

Kurudisha

Hili si uzushi wa bibi yangu. Mwaka 1929, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeon Nsibambi, wakakaa kusoma Maandiko na kuomba pamoja wakiutafuta utakatifu. Miaka ya 1930 moto ule wa uamsho ulitoka Gahini ukaingia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Walioamshwa walijulikana kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, na kwa jambo ambalo majirani wasiosali walilielewa haraka kuliko wimbo: walirudisha walivyoiba. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha hapa hapa Dodoma na baadaye akawa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba msamaha Mzungu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Naipenda habari hiyo kwa sababu ya baiskeli. Kilomita zote hizo unaweza kugeuza njiani, na hakuna atakayejua.

Mimi nilikwenda kwa miguu kwa yule mwalimu. Walawi sura ya 6 inasema arudishe kwa utimilifu na kuongeza sehemu ya tano, basi nikapiga hesabu: mita moja na nusu kwa shilingi 4,000 ni 6,000, sehemu ya tano ni 1,200. Jumla 7,200. Nikamkuta anachagua mchele barazani, ungo magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Umeniletea nini?"

"Kile kitenge chako cha bluu, mwaka juzi, hakikuisha. Kilibaki mita moja na nusu, nikakuibia. Hii hapa hela yake."

Akaitazama ile noti ya elfu tano, na ile ya elfu mbili, na sarafu ya mia mbili. Ungo ukatulia. "Na hii mia mbili ni ya nini?" Nikamweleza habari ya sehemu ya tano. Akasema, "Kumbe ndiyo maana ile sketi ilinibana kiunoni." Nikataka kusema hapana, sketi ilibana kwa sababu umenenepa, nikauma ulimi. Akapokea, akasema amesamehe, akaniongeza na bakuli la karanga.

Si wote walikuwa hivyo. Mmoja alinitangaza mtaa mzima, na mwezi ule wateja wakapungua hadi nikauza cherehani ya pili. Sikufurahi, na sitakudanganya kwamba nilijaa amani siku hiyo. Nilijaa hasira. Lakini usiku nililala.

Mambo niliyojifunza kwa kukosea: taja ulichofanya kabla ya salamu hazijawa ndefu, maana ukizungukazunguka utaishia kuuliza habari za watoto na kuaga. Neno "kama", la "kama nilikukwaza nisamehe", lifute, hilo ni kumrudishia mwenzako kosa. Usitaje sehemu yake, hata kama na yeye alikuchokoza. Hiyo ina daftari lake. Usimdai akusamehe hapo hapo. Wifi yangu alichukua miezi mitano, na katika miezi hiyo kazi yangu ilikuwa kunyamaza na kumsalimia. Aliyekufa, peleka kwa watoto wake. Usiyemwona tena, mpe maskini kwa kiasi kile kile, usipunguze kwa sababu hakuna anayehesabu.

Na tafadhali, mambo ya kitandani, au siri ambayo ukiitoa itabomoa nyumba ya mtu asiye na habari, usikimbilie kuyasema barazani au ushirikani ili wewe ujisikie mwepesi. Nenda kwanza kwa mchungaji au mama mtu mzima wa imani anayejua kufunga mdomo. Likiwa ni jambo la sheria, au mtoto ameumizwa, hapo toba haichukui nafasi ya polisi.

Kuondoa kiroba

Nilidhani nikishatubu hamu ya vipande itakwisha. Haikwisha. Kitambaa kizuri kikibaki, mkono unakijua kiroba kilipo. Kwa hiyo nilikiondoa. Sasa napima mbele ya mteja kwa futi kamba, naandika kwenye kipande cha karatasi, na kinachobaki nakibana kwa pini kwenye nguo yenyewe. Tukikaa tunaomba Mungu atushindie jaribu ambalo tumelitandikia mkeka, tunamchosha bure. Angalia kiroba chako ni kipi. Kwa dada mmoja ni simu baada ya saa nne usiku. Kwa jirani yangu ni njia ya kurudi nyumbani inayopita kilabuni, na amepata nyingine ndefu kwa dakika kumi.

Wizi uliondoka ndani ya mwaka. Uongo ndio umekaa. Fundi ana uongo wake wa asili: "Njoo kesho, imebaki vifungo tu," na kitambaa hakijatolewa hata kwenye mfuko. Huo niliusema kwa urahisi ule ule wa kupumua, na kwa muda mrefu hata sikuuandika daftarini, nikidhani ni lugha ya biashara. Ni Alhamisi moja ushirikani, tumesoma 1 Yohana 1:7, kwamba tukienenda nuruni twashirikiana sisi kwa sisi, mwenzangu mmoja akauliza kwa upole, "Na gauni langu la Pasaka, dada, lipo nuruni?" Watu walicheka. Mimi nilitubu pale pale, na Jumatatu nikadanganya watu wawili.

Ndiyo maana tafuta mtu mmoja au wawili wa kukuuliza hivyo. Wasiwe wengi. Mimi nina wawili, tunakutana Alhamisi baada ya kazi, kila mmoja anasema la wiki hii, si la mwaka ule alipookoka. Ushuhuda wa zamani ni kiporo. Unaliwa, lakini huwezi kuishi kwa huo. Na hesabu isilale: nikimjibu mume wangu vibaya saa mbili, naomba radhi kabla ya saa nne, maana nimeona ikilala kesho inaamka na sababu. Kusoma, nasoma sura moja asubuhi, Zaburi moja usiku. Wengine wanasoma zaidi; nikizidisha mimi nasoma kama ninayeshindana.

Kwa ule uongo wa kesho nilibadilisha namna ya kupanga. Naandika tarehe mbele ya mteja, naongeza siku tatu kwa ile ninayoiona mimi, na nikiona nachelewa napiga simu kabla hajapanda daladala. Waebrania 12:14 imeweka amani na watu wote na utakatifu katika pumzi moja. Nilipokuwa kijana nilidhani utakatifu ni jambo la mlimani. Kwangu mwaka huu umekuwa ni vocha ya simu.

Jumamosi iliyopita mama mmoja alifika kabla ya siku yake, anataka nguo ya kipaimara ya binti. Kitambaa kilikuwa juu ya rafu, kimekunjwa kama alivyokileta. Ulimi ukapanda wenyewe: imebaki... Nikaumeza. Nikasema, "Mama, sijakata."

"Hujakata?"

"Sijakata hata kidogo. Samahani."

Akaniangalia muda mrefu, nadhani akisubiri niendelee. Kisha akavuta kigoda, akaweka mkoba magotini. "Basi kata nikiwa hapa."

Nikakata. Vilibaki vipande viwili, kimoja cha kutosha kola. Nikavibana kwa pini.