Kupima maji ya mwaloni Ziwa Nyasa

Ukitaja uchafuzi wa bandari za uvuvi, watu huwaza pwani. Sisi wa Kyela tuna mialo (sehemu za kushushia samaki) ya Itungi, Kiwira na Matema, na kazi ni ileile. Tofauti kubwa ni kwamba baharini ungepima chumvi pia.

1. Chagua vituo ukiwa bado nchi kavu. Usichote pale mitumbwi inapofungwa tu. Chukua vitatu: mwaloni, mto unapoingilia ziwani, na mbali ziwani pasipo shughuli. Bila hicho cha tatu huna cha kulinganisha nacho. Bila cha pili utawaonea wavuvi, maana masika mto hushusha tope na mbolea kutoka mashamba ya Rungwe.

2. Oksijeni ipime alfajiri. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaitumia, kwa hiyo kiwango huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza. Niliwahi kupima saa nane mchana nikaandika "maji mazima". Kesho yake saa kumi na moja alfajiri, palepale, kipimo kilikuwa chini ya miligramu 5 kwa lita, hapo samaki wengi huanza kutaabika. Joto na pH (kiwango cha uchachu wa maji) pima papo hapo pia.

3. Uangavu subiri saa nne. Sahani ya sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe, ishushe kwa kamba yenye alama upande wenye kivuli wa mtumbwi. Andika kina inapopotea, ipandishe, andika inapoonekana tena, chukua wastani.

4. Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo, ni bakteria wa chuma. Ukijirudi na kuungana, ni mafuta, mara nyingi ya injini za boti.

5. Vijidudu vya kinyesi vinataka chupa iliyotakaswa. Izamishe sentimita 30 hivi, mdomo ukielekea mkondo, acha nafasi ndogo ya hewa. Ifunge kwenye mfuko kabla ya kuiweka kwenye barafu. Barafu ya samaki ina vijidudu vyake, itakuharibia sampuli. Ifike maabara ndani ya saa 6, ikishindikana isivuke 24. Kutoka Matema hadi Mbeya mjini ni mlima mtupu, basi panga usafiri kwanza, chupa baadaye.

Rudia Aprili mvua zikiwa zimekolea, na tena Agosti, upepo wa kusini unapolikoroga ziwa. Majibu yakitoka, wapelekee BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) kabla ya mtu mwingine yeyote.