Jinsi ya Kuwafikia Watumiaji wa Dawa za Kulevya Vijijini kwa Ajili ya Utafiti

Mtafiti anayetaka kuwahoji watumiaji wa dawa za kulevya katika vijiji vya Nyando, Vihiga au Busia, magharibi mwa Kenya, hana orodha ya kuanzia, na hapaswi kuitafuta kwa polisi wala kwa chifu. Njia ninayoipendekeza ni ya washiriki kualikana wenyewe, aliyoieleza mwanasosholojia Douglas Heckathorn mwaka 1997 kutokana na kazi yake Connecticut, Marekani. Vijijini kwetu inafaa, mradi irekebishwe kwa mazingira ambamo kila mtu anamjua mwenzake.

Hatua ya kwanza ni vibali: idhini ya kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Chifu ajulishwe kwamba kuna utafiti wa afya, lakini asiombwe kumleta mtu yeyote.

Hatua ya pili ni kusikiliza kabla ya kuhoji. Zungumza na waliowahi kutumia, wahudumu wa afya ya jamii na waendesha bodaboda, ili ufahamu nani anatumia nini, na hasa kama watumiaji hao wanajuana. Wanaovuta bangi karibu na mashamba ya miwa ya Muhoroni huenda hawafahamiani kabisa na wanaojidunga heroini mjini Kisumu. Kama ndivyo, hayo ni makundi mawili, na kuyachanganya katika sampuli moja kutaharibu makadirio yote.

Hatua ya tatu ni mahali pa mahojiano, na hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa zaidi. Chumba katika kituo cha afya ambako watu huenda kwa malaria na kliniki ya watoto kinamsitiri mshiriki kuliko ofisi iliyokodiwa na kubandikwa kibao cha mradi. Fungua pia siku ya soko, kwa sababu siku hiyo hakuna anayemuuliza jirani yake anakwenda wapi.

Hatua ya nne ni kuchagua mbegu, yaani washiriki wachache wa mwanzo, wanaotofautiana kwa umri, kijiji na dawa wanayotumia. Wanawake wahakikishiwe mbegu zao, kwani mwanamke anayetumia hujificha zaidi kwa kuogopa kutengwa au kunyang'anywa watoto, na mara nyingi humwamini mwanamke mwenzake tu.

Kila mshiriki hupewa kuponi za kuwaalika wenzake, kwa kawaida tatu, zenye namba na tarehe ya mwisho, pasipo neno lolote kuhusu dawa za kulevya wala vigezo vya kushiriki. Hulipwa fidia ya muda wake, na kiasi kidogo kwa kila mwenzake anayefika akafaa. Fidia ikizidi, kuponi zitauzwa na wasiotumia watajifanya watumiaji. Kwa hiyo msaili aulize jinsi dawa inavyoandaliwa na bei yake mtaani. Lipa taslimu, kwa kuwa M-Pesa huacha jina na namba ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ulinzi bora ni kutozikusanya zisizohitajika.

Swali moja lisirukwe: "Ni watu wangapi unaowafahamu kwa jina, nao wanakufahamu, wenye umri wa miaka 18 au zaidi, wanaoishi eneo hili na waliotumia katika miezi 6 iliyopita?" Mwenye marafiki wengi ana nafasi kubwa zaidi ya kualikwa, hivyo katika uchambuzi majibu yake yote hupewa uzito mdogo. Bila takwimu hiyo, haitawezekana kukadiria hali ya watumiaji wote.

Fuatilia kila wiki minyororo ya mialiko inayoanzia kwa kila mbegu. Ule uliokatika usiufufue kwa kuongeza pesa: waulize wenye kuponi ambazo hazijarudi kinachowazuia wenzao, iwe ni nauli, saa za kufungua au uvumi wa msako, na uondoe kizuizi hicho kabla ya kutafuta mbegu mpya katika kijiji kisichowakilishwa.