Somo: Kusoma 1 Samweli 17, hadithi ya Daudi na Goliathi, kama hati ya kale

Kanuni ni moja: swali la "je, haya yalitokea kweli?" libaki nje ya mlango. Humu tunauliza kimeandikwa nini, na katika nakala ipi. Mchungaji, shehe na asiye na dini watahesabu maneno yaleyale.

Hatua ya 1. Soma kuanzia 16:14 hadi 18:5 kwa mkao mmoja, penseli mkononi, na utie alama kila hadithi inapojikwaa. Katika 16:21 Sauli anampenda Daudi na kumfanya mchukua silaha wake. Katika 17:55 anamwuliza Abneri kijana huyu ni mwana wa nani! Tena 17:12 inamtambulisha Daudi upya, baba na mji wake, kana kwamba sura ya 16 haipo. Usikimbilie kusawazisha.

Hatua ya 2. Linganisha nakala. Hapa ndipo penye utamu wa somo. Matoleo ya Kiebrania wanayotumia wasomi leo hufuata zaidi kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Leningrad, iliyonakiliwa karibu mwaka 1008. Septuaginta, yaani tafsiri ya kale ya Kigiriki, katika kodeksi ya Vaticanus ya karne ya 4, haina 17:12–31 wala 17:55 hadi 18:5. Sehemu ulizotia alama hazimo.

Urefu wa Goliathi nao unatofautiana. Leningrad: mikono sita na shibiri, karibu mita 2.9. Vaticanus: minne na shibiri, karibu mita 2. Gombo la Samweli kutoka pango la 4 la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, la karne ya 1 KK, nalo lina minne, na hilo ni la Kiebrania.

Hatua ya 3. Weka sambamba 2 Samweli 21:19, ambapo Elhanani anamwua Goliathi, na 1 Mambo ya Nyakati 20:5, ambapo anamwua Lahmi, ndugu yake Goliathi.

Hatua ya 4. Pima hoja za wasomi. Mwaka 1986 wanne walibishana ndani ya kitabu kimoja: Emanuel Tov na Johan Lust walitetea hadithi fupi, kama ya Vaticanus, kuwa ya zamani zaidi, Dominique Barthélemy na David Gooding walitetea ile ndefu. Mimi naegemea kwa Tov, ila msinifuate kabla ya kusoma wenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sijui Kiebrania hata herufi. Nifanyeje?*
Hatua ya 1 na ya 3 unaziweza kwa Biblia ya Kiswahili. Kisha jifunze herufi 22, ukisoma kutoka kulia. Alama za irabu ziliongezwa na Wamasora, wanakili wa Kiyahudi, karne nyingi baadaye, kwa hiyo anza na konsonanti.

*Mimi ni Mwislamu, namjua Jaluti, yaani Goliathi, wa Sura ya Baqara katika Qurani. Nimlete?*
Karibu sana, ndugu, ila Jaluti tumwekee somo lake. Hapa tunapima nakala za Samweli peke yake.

*Sasa ipi sahihi, minne au sita?*
Ushahidi wa zamani zaidi unasema minne, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliandika hivyo pia. Kuhusu sita, wapo wanaodhani jicho la mwandishi liliteleza hadi mstari wa 7, penye shekeli mia sita za kichwa cha mkuki. Ni dhana tu, lakini fungua mstari huo uone hiyo "sita" ilivyo karibu.