SOMO: Bastola ya kwanza, ichague kwa mkono sio kwa macho

Wakuu habari zenu. Naona mtu akishapata tu kibali anakimbilia kile kibastola kidogo kuliko vyote eti kwa sababu kinaenea mfukoni, akienda kukifyatua kinamrusha mkono anaanza kukiogopa, baada ya hapo hafanyi tena mazoezi. Twende taratibu.

Hatua ya 1. Kabla ya kuuliza bei jifunze usalama kwa mwalimu anayeijua kazi. Kila bastola ihesabu ina risasi, mdomo usiuelekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kufyatua, na ujue nyuma ya shabaha kuna nini.

Hatua ya 2, mkono. Muuzaji atoe magazini (kile kisanduku cha risasi) na kuangalia chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) mbele yako, halafu na wewe uangalie tena, usione aibu. Shika mpini juu kabisa, kidole kifike kwenye triga bila kuzungusha kiganja. Vuta slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, mpaka mwisho. Kama inakushinda hapo ulipotulia achana nayo.

Hatua ya 3, risasi na uzito. Anza na risasi ya 9mm, ipo tangu mwaka 1902 na teke lake (ule msukumo wa kurudi nyuma ukifyatua) linavumilika. Ila wengi wanasahau kwamba risasi ni ileile lakini bastola ikiwa nyepesi teke linaongezeka, maana hakuna uzito wa kulipunguza. Ndo maana mimi nashauri saizi ya kati, mfano Glock 19, mtutu kama sentimita 10 na magazini ya risasi 15. Sio lazima iwe hiyo, cha kuangalia ni saizi.

Hatua ya 4. Ifyatue kwenye uwanja wa shabaha kabla hujalipa. Miwani na vizuia sauti vya masikioni lazima, mlio unapita desibeli 140, masikio yakishaharibika hayarudi. Na hela usimalizie yote kwenye bastola, bado kuna sefu, ala ya kuibebea na risasi za mazoezi.

MASWALI

Swali: Mkuu, rivolva (ile bastola ya silinda inayozunguka) si rahisi zaidi?
Jibu: Kuitumia ni rahisi, haina slaidi wala magazini. Ila triga yake usipokoki kwanza (kuvuta nyundo nyuma) ni nzito, nyingi zinabeba 5 au 6 tu na ile midogo inapiga teke vibaya.

Swali: Na bastola ya risasi ndogo ya .22 je?
Jibu: Kujifunzia ni nzuri mno, teke karibu hakuna na risasi ni bei rahisi. Kujilinda hapana, nguvu ndogo na risasi zake zinagoma mara nyingi zaidi.

Swali: Mimi ni mama, nina watoto wawili, nikiiweka juu ya kabati inatosha?
Jibu: Hapana dada, watoto wanayajua maficho yote ya nyumba. Weka sefu iliyokazwa kwa bolti ukutani au sakafuni, bastola iwe tupu, risasi zikae kwingine nazo zifungiwe. Na kama kuna mtu humo ndani ana mawazo ya kujidhuru, itoke kabisa nyumbani, ikatunzwe sehemu inayoruhusiwa kisheria mpaka atakapokaa sawa.